Bonde Tulilolima Bila Kuwasha Moto

Majani ya maboga yakikanyagwa yangali na mvua hutoa harufu kali ya ubichi, yenye uchungu kidogo, ambayo watu wengi hawaisikii kabisa. Mimi hunishika kooni. Mjukuu wangu akienda kuchuma mboga asubuhi ya mvua, akarudi na nyayo zimelowa utomvu wa majani yale, mimi humwambia akanawe miguu kwanza ndipo aingie ndani. Yeye anadhani bibi yake anaogopa matope. Ninyi nitawaambia ukweli: matope siyaogopi. Nimekulia ndani yake.

Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanaota upya, masika ya pili baada ya vita vya Majimaji. Vita vyenyewe sikuviona. Nilisikia tu wakubwa wakinong'ona habari za dawa waliyonyunyiziwa wanaume na risasi ambazo hazikugeuka maji. Nilichokiona kwa macho yangu ni kile kilichokuja nyuma ya vita. Askari wa Wajerumani walipita kijiji kwa kijiji wakichoma vihenge. Mahindi yetu yaliungua mchana kutwa, yakipasuka kama bisi, na sisi watoto tulijificha kichakani huku mate yakitujaa kinywani, maana ile harufu, pamoja na yote, ilikuwa harufu ya chakula.

Baba alikamatwa siku zile. Wengine walisema amenyongwa bomani Songea. Wengine walisema yu hai, yumo kwenye mnyororo, anabeba mawe. Mama hakuuliza wala hakulia mbele yetu. Alifunga mzigo wake, akamshika mkono Bibi, mama yake baba, tukawafuata wenzetu milimani.

Huko nyuma ya vilima kulikuwa na bonde jembamba lenye kijito, ambalo mtu wa barabarani hawezi kulidhania. Tulikuwa kaya chache, karibu wote wanawake na watoto, na wazee ambao vita viliwaona hawafai hata kukamatwa. Tulikula masuku mpaka yakaisha mitini. Kisha tukachimba ndiga, viazi vya mwitu vyenye sumu, ambavyo lazima vilowekwe kijitoni siku nyingi la sivyo vinaua. Na wakati wote huo Bibi alikuwa na kibuyu kilichofungwa kwa ngozi, kimejaa mbegu: mahindi, maharage na maboga. Alikilalia kama mto. Watu walikuwa wanakonda, na kibuyu kiko pale pale, na hakuna aliyethubutu kukiomba.

Sisi watoto tulipolia sana alituita, akakitikisa karibu na masikio yetu.

"Mnasikia? Chakula kinacheka huko ndani. Acheni kicheke. Mbegu ni mgeni aliyelala, na mgeni halali njaa kwako halafu ukamla yeye."

Rafiki yangu Sikitu, aliyekuwa binti wa jirani yetu wa tangu kijijini, alimjibu, "Bibi, mgeni huyu amelala sana. Tumwamshe."

Watu wazima walicheka hadi wakakumbatiana. Nakumbuka kicheko hicho kwa sababu kilikuwa cha kwanza tangu tufike.

Mvua ya kwanza iliponyesha, mgeni aliamshwa. Wanawake walikubaliana kwamba shamba litakuwa moja. Hapakuwa na kipande cha huyu wala cha yule; tutalima pamoja na kuvuna pamoja. Majembe ya chuma yalikuwa machache, tuliyapokezana, na wengine walilima kwa miti iliyochongwa. Masharti yalikuwa makali. Mchana hakuna moto, kwa sababu moshi huonekana mbali. Hakuna kuimba, ingawa kulima bila wimbo ni kama kutwanga bila kinu. Hakuna kupasua kuni. Kulikuwa na babu mmoja mwenye chafya kubwa kuliko mwili wake; kila pua ilipoanza kumcheza, sisi watoto tulimkimbilia na ngozi ya mbuzi tukamfunika kichwa kizima. Akishafunuliwa alikuwa anatushukuru kwa heshima kubwa, kama mtu aliyepokelewa mzigo.

Mvua ya nyanda zetu haipigi ikaondoka. Inakuja na baridi, inakaa, kama shemeji aliyesema anapita tu. Tulipalilia tumejifunika magome ya miti na ngozi zilizolowa zikawa nzito kuliko sisi. Vidole vyangu vilikunjamana vikawa vya mzee. Asubuhi tulikuta maji yamekula matuta, na miche iliyokuwa imesimama jana imelala kifudifudi ndani ya tope. Tuliiinua mmoja mmoja, tukaishindilia udongo shinani, na siku ya pili mvua ikailaza tena. Mama alikuwa haongei. Nilimwona akiinua mche uleule mara kwa mara, na mara moja nilimsikia akiuambia, "Simama, baba. Simama."

Hapo ndipo alipotokea Mjomba Kapinga.

Mama yangu alikuwa Mmatengo, aliyeolewa na Mngoni, na Mjomba Kapinga alikuwa kaka yake wa tumbo moja. Alipanda kwa kufuata kijito siku ya ukungu, peke yake, na wanawake nusura wamponde mawe. Mama ndiye aliyemtambua kwa mwendo wake, maana mguu mmoja ulikuwa umevunjika utotoni.

"Nani amekuonyesha njia?" Bibi alimuuliza hata kabla ya kumsalimia.

"Ndiga zenu," alijibu. "Maganda mnatupa kijitoni. Nimefuata maganda kupanda nayo juu. Leo nimeyafuata mimi, kesho atayafuata mwingine. Yafukieni."

Tangu siku hiyo maganda yalifukiwa, na Mjomba akawa mtu wetu. Alipoona mvua inavyotutesa, alitufundisha kulima ngolo kama wafanyavyo kwao Umatengo. Alikata majani marefu, akayalaza kilimani kwa miraba, akayafunika kwa udongo uliochimbwa katikati, kila mraba ukabaki na shimo lake. Mvua ikija, maji yanaingia shimoni yanatulia, hayabebi tena udongo. Nilikuwa nafuata nyuma yake nikikanyaga udongo ushikane. Aliniita "mke wangu", kama wajomba wanavyotania, akawa ananilaumu kwamba sijampikia tangu tuoane.

Tukapanda upya mbegu zilizosalia, na safari hii mazao yalisimama. Maharage yalitambaa, maboga yakafunika kingo za mashimo, mahindi yakanipita kimo. Sikitu na mimi tulipewa kazi ya kufukuza nyani, na kwa kuwa kupiga kelele kulikatazwa, tuliwafukuza kwa kuwakunjia nyuso. Sikitu alikuwa na uso wa kutisha kweli. Nyani wengine waliutazama kwa muda, wakaondoka kwa adabu.

Siku moja mahindi yakiwa yametoa ndevu, niliwakuta Mama na Mjomba wameinama kijitoni, wanazungumza Kimatengo kwa sauti ya chini. Niliposogea walinyamaza. Mama alijimwagia maji usoni mara nyingi, kama mtu anayetaka kuosha kitu kisichotoka. Jioni yake hakula. Mjomba alituaga, akasema anakwenda kututafutia chumvi.

"Chumvi iko mbali siku hizi," Bibi alimwambia.

"Ndiyo maana naondoka mapema, mama," akajibu. Akanishika kichwa, akaenda zake akichechemea.

Hatukumwona tena mpaka mahindi yalipokaribia kukomaa. Mabichi ya kwanza yalikuwa bado hayajavunjwa. Bibi alisema tungoje kidogo, tuvunje siku moja watu wote. Asubuhi hiyo ilikuwa ya manyunyu. Sikitu ndiye aliyewaona kwanza. Alinivuta mkono akanionyesha, bila sauti, kama tulivyozoea. Kilimani watu walikuwa wanashuka kwa mstari, wenye kofia, wenye bunduki. Na mbele yao alikuwa anachechemea mtu.

Nilimtazama mikono. Ninyi mngekuwepo mngemtazama hapo hapo. Nilitafuta kamba. Niliomba moyoni iwepo kamba, shingoni, mikononi, popote. Haikuwepo. Mikono yake ilikuwa mitupu, na mabegani alikuwa na shuka jipya jeupe.

Watu walikimbia, lakini bonde lililotuficha ndilo lililotufunga. Askari walikuwa wamekwisha kuziba huku na huku. Waliingia shambani na miguu yao mikubwa, wakavunja mahindi wakajaza mapakacha, wakang'oa maharage hata yale ambayo hayajajaza, wakakanyaga maboga mpaka bonde zima likanuka ubichi. Kisichobebeka kilifyekwa. Bibi alikaa chini katikati ya ngolo moja, ndani ya lile shimo lenye maji, akakataa kuinuka. Askari mmoja alimwinua kama anavyoinuliwa mtoto, akamweka pembeni, akaendelea kufyeka. Mpaka leo sijui kama ningemchukia zaidi au kidogo kama angempiga.

Mama ndiye aliyelia kuliko wote. Alimwendea kaka yake, akachota tope kwa mikono miwili, akamtupia usoni.

"Mbwa wewe! Umekula kwangu! Umelala kwangu! Mama yetu angejua angekutema ungali damu!"

Mjomba hakujifuta. Tope lilimtiririka juu ya lile shuka jeupe, naye anatazama chini. Mimi nilisimama nyuma ya Mama, nikamwita, "Mjomba." Nilimwita tu. Nilidhani nikimwita kwa jina lake la siku zote, mambo yatarudi yalivyokuwa. Hakuinua macho.

Tulipelekwa karibu na boma, tukaambiwa tujenge hapo mahali panapoonekana. Wanawake walitengeneza barabara. Chakula kilikuwa cha kuokoteza, na njaa ya mwaka ule wazee wanaijua. Sihitaji kuieleza sana. Bibi hakumaliza masika. Alikuwa hana ugonjwa wowote niliouona. Sikitu alianza kuvimba miguu, kisha uso, ule uso wake wa kutishia nyani, ukawa laini na mkubwa kama wa mtu mwingine. Alikufa amelala mgongoni mwa mama yake, njiani kutoka kutafuta mizizi, na mama yake hakujua mpaka alipomfungua kumshusha.

Wiki ileile, Baba alirudi.

Alisimama mlangoni mchana, mwembamba, na kovu la mnyororo limemzunguka shingo. Nilimkimbia nikidhani ni mzimu. Aliketi akacheka kwa shida, akasema, "Wamenichoka. Wameniambia nenda, nami sikungoja waseme mara mbili." Hakujua sababu. Alidhani ni bahati, au ni mizimu ya mama yake aliyetangulia. Mama alimpa maji, akaenda nyuma ya nyumba, akatapika. Sisi tulisema ni furaha.

Basi nilikua na baba. Kati ya watoto wote wa bonde lile, wengi hawakuwa naye. Tulihama baadaye, tukarudi kulima kijijini, na Mama Sikitu akajenga jirani nasi kama zamani. Yeye na Mama walilima mashamba yaliyopakana, wakapeana mbegu, wakazikiana ndugu zao. Mjomba Kapinga alikwenda kuishi upande wa Lusewa, mahali ambapo watu hawakumfahamu, lakini habari ilimfuata. Hakualikwa pombe, hakuozwa mke. Mtoto akifanya hila, watu walimwambia, "Unafanya Ukapinga."

Mara moja tu alikuja kwetu. Nilikuwa mwari. Alisimama mbali na uwanja, ameshika kibuyu cha asali. Hodi yake ilikuwa ndogo. Baba alitoka, akakipokea kibuyu, akaimwaga asali yote chini mbele yake, akamrudishia kitupu. Kisha akatema mate. Mjomba aliinama kidogo, kama aliyepokea salamu, akageuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni akitazama sisimizi wanavyojaa juu ya ile asali. Nilimwonea fahari Baba siku ile. Hayo ndiyo niliyokuwa nayo moyoni miaka mingi: kwamba ulimwengu una watu kama Baba na watu kama Kapinga.

Baba alikufa mzee, kitandani kwake, amezungukwa na wajukuu. Mpaka siku zake za mwisho, akitajiwa jina hilo, aligeuza uso ukutani.

Miaka michache baada yake alikuja mtu kutoka Lusewa na habari kwamba Mjomba amefariki, na hakuna wa kumzika ila majirani wawili. Mama alikuwa uani anapukuchua maharage. Mimi nilikuwa mama wa watoto wangu tayari. Nilimjibu yule mjumbe kwa sauti ya juu ili Mama asikie jinsi ninavyomtetea.

"Waambie askari wake wamzike."

Mama aliendelea kupukuchua. Mjumbe alipoondoka, alisema bila kuinua kichwa, "Nenda kamzike mjomba wako."

"Mama! Yule?"

"Nenda. Mimi ndiye niliyemtuma."

Sikuelewa. Nilidhani uzee umemchanganya. Akaweka ungo chini, akanieleza yote kwa maneno machache, kama mtu aliyeyapanga siku nyingi. Mjomba alipokuja bondeni alikuwa ametoka upande wa boma, na alikuwa amemwona Baba kwenye mnyororo. Aliyewalinda wafungwa alimwambia: kuna watu wanalima mafichoni, bwana mkubwa anawataka, nionyeshe shamba, nikupe mtu. Mjomba alikaa na neno hilo tangu kupanda hadi mahindi kutoa ndevu, hakulisema. Alilisema siku ile kijitoni, kwa sababu siku alipotoka nje ya bonde alikuwa amesikia kwamba baba yangu hatadumu sana.

"Aliniambia, dada, sema wewe. Ukisema hapana, sitalitaja tena. Nikasema nenda."

"Na lile tope?"

"Yeye ndiye aliyeniagiza. Alisema, siku hiyo unitukane kuliko wote, ili usije ukashukiwa. Ukaishi na wenzako."

Nilimtazama mwanamke yule aliyenizaa. Nilitaka kumuuliza kuhusu Bibi, aliyeketi ndani ya maji. Nilitaka kumuuliza kuhusu Sikitu. Swali lililonitoka lilikuwa la kitoto kabisa.

"Kwa nini uliniacha nimchukie?"

"Ungempenda, watu wangeuliza kwa nini," alisema. Akachukua ungo wake.

Nilikwenda Lusewa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi. Nilifika maziko yanaanza. Na pembeni ya kaburi, akiwa amejifunga kanga kiunoni, nilimkuta Mama Sikitu. Alikuwa amepata habari, akatangulia. Alitupa udongo wake, nami nikatupa wangu, na hakuna aliyesema neno la kumsifu marehemu.

Tulirudi pamoja kwa miguu. Njiani nilishindwa kuvumilia. Nilimwamkia upya, "Shikamoo, mama," kama vile ndiyo kwanza tunakutana, akaniitikia, nami nikamwambia yote. Nilingoja alie, au anipige, au arudi kwa mbio akamkabili Mama.

Aliendelea kutembea.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku baba yako aliposimama mlangoni kwenu. Watu hawakuwa wakirudishwa bure. Mwanangu alikuwa hana hata wiki kaburini, nami nikatazama mlangoni kwenu nikajua amekufa kwa ajili ya nani."

"Mbona hukusema?"

"Nikasema kwa nani? Wangemuua mama yako, au wangemfukuza. Halafu mimi ningebaki na nani wa kulima naye?" Alikaza kanga yake kiunoni. "Lakini usije ukaniletea habari za kusamehe. Sijasamehe. Nimekula naye, nimemchukia. Kila baba yako alipocheka ng'ambo ya mpaka, nilimchukia. Na mama yako alijua kwamba najua. Tumelima hivyo."

Nimezeeka sasa kuliko walivyokuwa wao siku ile, na wote wawili wamezikwa. Nilipokuwa mtoto nilidhani msaliti ni yule anayetangulia mbele ya bunduki, unamwona, unamjua kwa mwendo wake. Sikujua kwamba anaweza pia kuwa yule anayekupaka mafuta, anayekufunika ngozi usiku wa mvua, anayelia na waliolizwa na machozi yake ni ya kweli. Sikujua kwamba mtu anaweza kusalitiwa na kunufaika kwa usaliti uleule. Baba aliyenibeba begani, aliyegharimia ngoma ya unyago wangu, aliyemwaga asali ya mtu aliyemwokoa, alikuwa amelipiwa kwa chakula cha rafiki yangu, na mimi nilimfurahia kila siku ya maisha yake.

Wajukuu huniuliza, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mimi huwajibu kwamba sijui. Hiyo si kweli. Ningesema nenda, kama alivyosema Mama. Na Sikitu angekufa tena.